Kuvunja Sakafu Iliyotitia na Kumwaga Mpya: Mwongozo Kamili

Chukua nyundo ndogo upite chumba kizima ukigonga sakafu, hatua moja baada ya nyingine. Panapoitika kwa sauti nzito ya kitu kilichoshikana, pita. Panapoitika kama debe tupu, weka alama ya chaki. Nilipoigonga hivyo sebule yangu ya Kigamboni, Dar es Salaam, chaki iliniishia kabla sijafika dirishani.

Nyumba niliinunua ikiwa imekamilika, na kwa macho sakafu ilikuwa nzuri sana: niru nyekundu (uji wa saruji uliosuguliwa ukawa laini) iliyopakwa nta, inang'aa. Tatizo lilikuwa kona ya mlango wa nyuma. Kila tukideki, maji yanakimbilia pale na kutuama. Fundi wa kwanza aliangalia kwa dakika mbili, akasema, "Bosi, hapa tunajazia tu juu, kesho kutwa umesahau." Tulipovunja tulikuta zege la unene wa vidole vitatu limening'inia juu ya uwazi, kifusi chini yake kimeshuka kama sentimita nne. Ndani ya kifusi kulikuwa na makumbi ya nazi, mabanzi ya mbao na kandambili moja ya mtoto. Nailoni ya kuzuia unyevu haikuwapo. Aliyejenga alimwaga kifusi chote kwa mkupuo mmoja, akakisawazisha kwa koleo, akafunika. Saruji aliyotumia haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sehemu kubwa nimeitumia kwa mambo ambayo sakafu ikishamalizika huyaoni tena.

Kuvunja au kutengeneza juu?

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kama utando wa buibui, ni za ganda la juu tu. Zinatokana na kukauka haraka na hazihitaji kuvunja chochote. Ganda likiwa limeachana na zege (ile sauti ya debe) lakini zege la chini ni zima na limekaa usawa, unabandua lipu tu (hilo ganda la mchanga na saruji) na kupiga nyingine.

Ufa wa kuogopa ni ule wenye ngazi. Pitisha kucha: upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, ujue ardhi imeshuka au imeinuka. Vivyo hivyo sakafu iliyobonyea, au inayotikisika mtu akiruka. Hapo kujazia juu ni kuongeza mzigo kwenye kitu kinachozama, na ukijazia leo, masika ijayo utajazia tena. Madoa meupe ya chumvi yanayorudi kila ukifuta, pamoja na mikeka inayoota ukungu kwa chini, ni dalili kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini. Hilo nalo dawa yake iko chini ya zege.

Ukiona ufa wa sakafu umepanda ukutani, usivunje kitu. Hilo ni suala la msingi, mwite mhandisi kwanza.

Kabla ya nyundo ya kwanza

Chora mstari wa usawa. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ujaze maji usibakishe mapovu ya hewa, uzungushe chumba kizima ukiweka alama kwenye kila kona mita moja juu ya pale sakafu mpya itakapoishia, kisha unganisha alama kwa uzi wa rangi. Vipimo vyote vitashuka kutoka kwenye mstari huo. Mimi niliweka sakafu ilingane na korido. Kama utaipandisha, angalia kwanza kama milango itafunguka.

Kisha chunguza mabomba na nyaya zinazopita chini. Angalia bomba la maji linapoingilia na linapotokea, na swichi zipi zina bomba la waya linaloelekea sakafuni. Funga maji, zima umeme wa upande huo.

Jambo la tatu wengi hulisahau: kuta nyembamba za kugawa vyumba mara nyingine hazina msingi, zimepandishwa juu ya jamvi lenyewe, yaani zege la sakafu. Chimba kidogo pembeni mwa ukuta uone umekalia nini. Ukikuta umekalia jamvi, usikate zege chini yake wala karibu yake. Acha ukanda wa zege la zamani kila upande, na upana wake aupange mtu anayejua mizigo ya jengo. Kuta za nje kwa kawaida zina msingi wake, lakini hata hapo usichimbe ukapita chini ya kitako cha msingi.

Kuvunja

Anzia kwenye kona iliyokwisha kupasuka, au toboa shimo katikati, kwa sababu zege huvunjika kirahisi likiwa na nafasi ya kukimbilia. Mmoja anapiga nyundo kubwa, mwenzake anatia mtaimbo chini ya kipande na kukiinua. Kikiinuliwa kikaachwa hewani, pigo moja linatosha.

Mwagia maji kidogo kidogo muda wote. Vumbi la zege lina mchanga laini usioonekana unaoharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakiuzuii, kwa hiyo nunua barakoa za kazi za vumbi na miwani. Vipande vizima usivitupe: vikipondwa vifikie ukubwa wa ngumi, vinafaa kwenye safu ya mawe. Vyenye lipu ya udongo au plasta laini vitupe.

Chini ya zege

Hesabu ya kina inakwenda hivi, kutoka juu kushuka: lipu na niru sentimita 4, zege 10, mchanga wa kufunika 3, mawe 15. Jumla sentimita 32. Maana yake kutoka mstari wa ukutani unashuka mita 1.32 ndipo ufike kwenye udongo ulioshindiliwa.

Kifusi cha zamani chenye taka kitoe chote. Mti huoza, na ukioza huacha shimo, na mchwa hupenda hilo shimo kuliko wewe unavyoipenda nyumba. Kama uko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, utoe kwa kina chote unachoweza na ujaze moramu (udongo wenye changarawe) mahali pake. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na sakafu nyembamba ya nyumba haiwezi kushindana nao.

Kujaza ni safu kwa safu, kila safu isizidi sentimita 15 kabla ya kushindiliwa. Moramu iloweshe iwe na unyevu wa kukamatika: finyanga kiganjani, ikae bonge, isichuruzike maji. Ukipata mashine ya kushindilia ya kukodi, kodi, hata kwa siku moja. Usipopata, tengeneza mtwango: kopo la rangi la lita 5 lililojazwa zege na kuchomekwa mpini wa bomba. Kazi yake inaumiza mikono, na ndiyo sababu mafundi huikwepa. Kona na kandokando ya kuta ndizo hutwangwa kidogo kuliko sehemu nyingine, na sakafu nyingi huanza kushuka hapo hapo. Mimi hupima kwa kipande cha nondo ya milimita 12: nikikisukuma kwa nguvu za mikono kikazama zaidi ya vidole viwili, narudisha watu kazini. Siku ile tulirudia kona ya mlango wa nyuma mara tatu, na saidia fundi wangu akaanza kuniita mwalimu mkuu, si kwa heshima.

Juu yake panga mawe, makubwa chini, madogo yakijaza nafasi, yagongwe hadi yasicheze. Kisha mchanga sentimita 3 wa kufunika ncha, umwagiliwe uzame kwenye matundu. Hapo ndipo hunyunyizwa dawa ya mchwa. Soma karatasi yake ufuate kipimo, vaa glavu, watoto na kuku wawe mbali, na kama kisima cha maji kiko jirani na ukuta, muulize muuzaji au mtaalamu wa kilimo kabla ya kuifungua.

Baada ya dawa kukauka inakuja nailoni. Omba ile nzito ya geji 1000. Nyembamba ya kufunikia mahindi hupasuka ukiikanyaga tu. Vipande vipishane sentimita 30 na kubandikwa kwa gundi ya utepe, na kingo zipande ukutani hadi juu ya usawa wa zege. Watu watembee juu yake bila viatu vya kokoto, na tundu lolote lizibwe kwa kiraka kabla ya kuendelea. Ukiwa pwani, ambako maji ya ardhini hayako mbali, nailoni hii ndiyo inayozuia ukungu kwenye godoro lako.

Wavu wa nondo si lazima kwa kila chumba cha nyumba, lakini juu ya udongo uliojazwa mimi siachi. Ule wa nyaya za milimita 6 zenye miraba ya sentimita 20 unatosha. Hauibebi nyumba, kazi yake ni kuubana ufa usifunguke. Ndiyo maana ukae nusu ya juu ya zege, umeinuliwa na vijitofali vya zege vya sentimita 5 au 6. Tabia ya kuulaza juu ya nailoni na kuahidi kwamba "tutauvuta na ndoano tukimwaga" humaliza kwa wavu kubaki chini usikofanya kazi yoyote.

Vifaa na hesabu yake

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Eneo mita 20 za mraba, mara unene wa mita 0.1, ni mita 2 za ujazo. Ongeza sehemu ya kumi kwa kinachopotea na mabonde ya chini, unapata 2.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula mifuko kati ya 6 na 6 na nusu ya kilo 50, kwa hiyo zege lote lilihitaji mifuko 14. Lipu ya sentimita 4 kwa mchanganyiko wa 1:4 ikala mifuko 6. Jumla 20. Mchanga wa zege ni kama mita moja ya ujazo, kokoto mita mbili, mchanga wa lipu karibu mita moja nyingine. Mawe agiza 3 na nusu hadi 4. Wewe weka vipimo vya chumba chako uzidishe vivyo hivyo. Usikubali kuambiwa tu "leta mifuko 30, itakayobaki tutajua."

Saruji ya 32.5 (namba ya daraja la nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha kwa kazi hii. Ingiza mkono kwenye mfuko: iwe laini na baridi, na bonge lolote livunjike kwa vidole. Bonge gumu maana yake imeshakunywa unyevu, irudishe dukani.

Mchanga upime kwa chupa. Weka sentimita 10 za mchanga, jaza maji, tikisa, iache usiku kucha. Tope litakalokaa juu likizidi milimita 8 hivi, mchanga huo ni mchafu. Wa ufukweni usiutumie hata ukiwa wa bure, chumvi yake huvuta unyevu na kula nondo. Maji ni hivyo hivyo. Baadhi ya visima vya pwani vina chumvi ya kuonjeka ulimini, na tuliagiza boza la maji yasiyo na chumvi kwa sababu hiyo. Kokoto ziwe za inchi robo tatu, safi, zisizo na unga.

Siku ya kumwaga

Anza alfajiri. Jua la saa sita likikukuta bado unasawazisha, umeshachelewa. Turubai liwe karibu kwa ajili ya mvua. Loweka kingo za kuta zisinyonye maji ya zege.

Pima kwa ndoo, si kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tano havilingani. Kwa mfuko mmoja wa saruji na ndoo za lita 20: mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7. Maji yasizidi ndoo moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa yapungue. Kama huna mashine, changanya mchanga na saruji vikiwa vikavu, mkigeuza mara tatu hadi rangi iwe moja, ndipo kokoto, ndipo maji kidogo kidogo. Changanyia juu ya bati au sakafu safi, si juu ya udongo.

Kwenye maji ndipo utakapogombana na watu. Zege kavu ni zito kulivuta, basi saidia fundi ukigeuka tu anaongeza nusu ndoo "ili litembee." Kila maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege hupoteza nguvu ambayo umeshailipia kwenye saruji. Inua rundo kwa koleo uliachie. Likimomonyoka polepole, sawa. Likitiririka kama uji, mchanganyiko huo umeharibika, na tiba yake ni kuongeza saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano ule ule, si kusubiri likauke. Mimi nilikaa juu ya pipa la maji asubuhi nzima, nikawa ndiye mgawaji. Ilionekana kichekesho, lakini ilifanya kazi. Vilevile zege lililokaa zaidi ya saa moja likaanza kukaza lisifufuliwe kwa maji, litupwe.

Waliomo ndani ya zege wavae buti za mpira na glavu. Saruji mbichi inachoma ngozi taratibu, mtu haoni maumivu hadi jioni vidole vikishatoboka. Usimruhusu kijana yeyote kuingia peku, hata akisema amezoea.

Mwaga kutoka kona ya mbali ukirudi mlangoni. Chomachoma kwa nondo ili hewa itoke, hasa kandokando ya kuta. Kisha watu wawili wavute bao refu lililonyooka kwa mwendo wa msumeno juu ya mbao za kuongozea zilizopimwa kutoka mstari wa ukutani: sentimita 104 chini ya mstari, ili zibaki 4 za lipu. Uso uache na mikwaruzo ya ufagio mgumu, lipu ishike.

Chumba kinachozidi mita 3 na nusu upande mmoja kinahitaji kugawanywa. Zege husinyaa likikauka, na usipolipangia pa kupasukia, litachagua lenyewe. Sebule yangu niliigawa vipande vinne kwa mifereji miwili ya kina cha sentimita 2.5, mmoja katikati ya kila upande. Mgawanyo huo urudiwe kwenye lipu mahali pale pale, na baadaye uangukie kwenye mshono wa marumaru.

Kumwagilia

Zege haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa kula maji. Mara uso usipobonyea ukiugusa kwa kidole, funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni, na lisikauke kwa siku 7 kamili, usiku na mchana. Mwagilio wa asubuhi na jioni tu, katikati jua likilipiga, ni nusu ya kazi. Kwa siku 7 zege lililotunzwa hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Kutembea juu yake polepole ni baada ya siku moja. Jenereta la jirani anayetaka kulihifadhi kwako lisubiri wiki.

Lipu na niru

Lipu huachana na zege kwa sababu ya vumbi kuliko sababu nyingine yoyote. Safisha kwa brashi na maji, panapoteleza gonga kwa tindo pawe na makovu, lowesha usiku wa kuamkia kazi, asubuhi ondoa maji yaliyotuama. Paka uji mzito wa saruji, na lipu ifuate hapo hapo uji ukiwa mbichi. Uji uliokauka ni vumbi lingine jipya.

Mchanganyiko ni mfuko mmoja kwa ndoo 7 za mchanga, mkavu kiasi cha kufinyangika tu. Bandika kwanza vibonge vya kupimia kila mita moja na nusu, ukivilinganisha na mstari wa ukutani, kisha jaza katikati, shindilia kwa kibao, vuta bao. Bafuni na kwenye kibaraza cha nyuma teremsha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na umwage ndoo ya maji uthibitishe kabla fundi hajaondoka.

Niru hupigwa siku hiyo hiyo, lipu ikiwa imekaza lakini haijakauka: uji wa saruji tupu, unene wa milimita moja au mbili, ukisuguliwa kwa mwiko bapa wa chuma. Niru ya kesho yake hubanduka kama gamba la samaki. Na fundi akinyunyizia saruji kavu juu ya maji yaliyotokeza ili ayanyonye, mkataze, uso huo utatoa vumbi miaka yote. Rangi ya sakafu changanya na saruji ikiwa kavu, isizidi kilo 5 kwa mfuko. Kisha magunia tena, siku 7.

Kabla ya marumaru na makochi

Lipu hukauka karibu milimita moja kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo sentimita 4 ni kama siku 40, na masika inaongeza. Bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja sakafuni, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Ukifunua ukakuta matone au sakafu imekoza rangi, bado. Changu nilikifunua mara ya kwanza siku ya 38, kikawa na jasho. Siku ya 50 kilikuwa kikavu, tukaingiza makochi, na jioni ile tukagundua kwamba mlango wa nyuma, ambao kwa miaka ulikuwa ukipita bila kugusa kitu kwenye kile kibonyeo, sasa unakwaruza sakafu. Seremala aliupunguza nusu sentimita.